Jedwali la kuzidisha: kuimba, kujenga jibu, kadi, mtihani wa muda au kikokotoo? Ulinganisho kwa walimu na wazazi

Mpe mtoto 487 × 36 azidishe kwa wima. Kabla hajafika kwenye 17,532 atahitaji majibu sita ya namba mojamoja: 6 × 7, 6 × 8 na 6 × 4 katika mstari wa kwanza, kisha 3 × 7, 3 × 8 na 3 × 4 katika mstari wa pili. Hapohapo anabeba nne, anabeba tano, anasogeza mstari wa pili nafasi moja kushoto, halafu anajumlisha. Mwenye majibu hayo sita kichwani anabakiwa na akili yote kwa ajili ya kubeba na kupanga nafasi. Anayehesabu kila moja kwa vidole, akimaliza 6 × 8 amekwisha sahau kwamba alibeba nne, na anakosa hesabu ambayo hatua zake anazijua vizuri.

Kwenye kugawanya mzigo unazidi. Katika 3,136 ÷ 7 mtoto anatakiwa aone kwamba ndani ya 31 saba inaingia mara nne, inabaki 3. Ndani ya 33 inaingia mara nne tena, inabaki 5. Na 56 ni saba mara nane kamili. Huko jedwali linasomwa kinyumenyume. Vivyo hivyo kwenye sehemu: anayetazama 42/56 na kuona mara moja kwamba zote mbili ni vigawe vya 14, au walau vya 7, atafika 3/4 bila jasho. Asiyeona atabaki kujaribu 2, kisha 3, kisha 4. Miaka michache baadaye hesabu hiyohiyo inarudi kwenye aljebra, pale anapotafuta namba mbili ambazo zao lake ni 42 na jumla yake ni 13.

Kwa sababu hizo tunakubaliana na shule zinazodai watoto wayajue majibu haya kwa kichwa. Tunachobishania ni njia. Njia tano hutumika zaidi, na kila moja ina kazi inayoifanya vizuri na kazi isiyoiweza hata ukiitumia mwaka mzima.

Mzigo wenyewe ni mkubwa kiasi gani?

Jedwali la 10 × 10 lina visanduku 100, na mtoto anayeambiwa "kariri yote" anaviona vyote mia. Fanyeni hesabu hii pamoja naye kabla ya jambo lolote. Kwa kuwa 3 × 8 na 8 × 3 zina jibu moja, 100 zinashuka hadi 55. Ondoa za 1 na za 10, ambazo hazihitaji kukaririwa, zinabaki 36. Ondoa za 2, maana ni kujumlisha namba kwa yenyewe: 28. Za 5, ambazo watoto wengi huzishika mapema: 21. Za 9, ambazo zina njia yake ya mkato: 15. Kati ya hizo, tano ni namba inayojizidisha yenyewe (3 × 3, 4 × 4, 6 × 6, 7 × 7, 8 × 8), na hizo huingia kichwani haraka kuliko jirani zake. Zinabaki kumi: 3 × 4, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8, 4 × 6, 4 × 7, 4 × 8, 6 × 7, 6 × 8 na 7 × 8. Tatu za mwisho ndizo zinazosumbua hata watu wazima.

Mtoto aliyekuwa na hofu ya visanduku mia, akionyeshwa kumi, anabadilika uso. Hesabu hiyo haichukui hata dakika kumi, na ni vigumu kutaja matumizi bora zaidi ya dakika hizo.

Tufike 10 au 12? Nchi hazikubaliani. Japani watoto hujifunza hadi 9 × 9 katika darasa la pili. Uchina wimbo wao wa jadi hutanguliza namba ndogo katika kila mstari, hivyo una mistari 45 tu badala ya 81. Viwango ambavyo majimbo mengi ya Marekani yaliviridhia kuanzia 2010 vinataka mazao yote ya namba mbili za tarakimu moja yajulikane kwa kichwa mwishoni mwa darasa la tatu. England wanafika 12 × 12. Mazoea ya kufika 12 yaliendana na vipimo vya kale vya Waingereza: inchi 12 katika futi, na peni 12 katika shilingi hadi mwaka 1971. Kutoka 10 × 10 hadi 12 × 12 unaongeza majibu 23 (78 badala ya 55). Kama mtaala wako haudai, yaache. 12 × 7 hupatikana kwa 70 na 14, na muda uliookolewa ni bora uende kwenye 6, 7 na 8.

Kuimba jedwali zima darasani

"Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne…" Njia hii haihitaji kitabu wala karatasi, inaliendesha darasa la watoto themanini kwa wakati mmoja, na mdundo wake unakaa kichwani miaka mingi. Kwa jedwali la 2, 5 na 10 inatosha kabisa, kwa sababu majibu yake yana mpangilio ambao sikio linaushika lenyewe.

Tatizo linaanzia kwenye namna wimbo unavyohifadhiwa. Unahifadhiwa kama mnyororo. Ukimuuliza mtoto 7 × 8 anaanza kutoka saba mara moja, anapanda ngazi nane, ndipo anakujibu. Ukimuuliza 8 × 7 anaanza mnyororo mwingine. Ukimuuliza 56 gawanya kwa 7, hakuna wimbo wa kumpeleka huko.

Kuna kikwazo cha pili ambacho hakisemwi sana, nacho kiko kwenye sauti yenyewe. Katika jedwali hadi 9 × 9 kuna majibu matano yanayoanza na "arobaini": 40, 42, 45, 48 na 49. Mtoto anayekariri kwa sikio anakumbuka vizuri kwamba sita mara saba ni arobaini na kitu, kisha anachagua mkia wowote. Ndiyo maana 6 × 7 = 48 ni kosa la kila siku. "Hamsini na nne" na "hamsini na sita" hupotezana kwa sababu hiyohiyo.

La tatu, kwaya inaficha. Kwenye sauti ya watoto themanini, kumi wanaochezesha midomo tu hawasikiki, na mwalimu anaondoka akiamini darasa linajua.

Marekebisho madogo yanaipa njia hii nguvu mpya. Imbeni kwenda na kurudi, kuanzia saba mara kumi hadi saba mara moja. Gawa darasa: upande mmoja useme swali, upande wa pili ujibu. Anzia katikati, kwenye saba mara tano, kwa sababu 35 ni kituo ambacho watoto tayari wanakijua. Kila baada ya wimbo uliza maswali sita bila mpangilio, na darasa zima lijibu kwa kuandika kwenye kibao au kipande cha karatasi na kuinua juu kwa pamoja. Hapo mwalimu anaona kila jibu, na yule wa dawati la nyuma naye anaonekana.

Kujenga jibu kutokana na lile unalolijua

Hapa mtoto hakariri 7 × 8 moja kwa moja. Anajua 7 × 4 ni 28, anaongeza 28 nyingine, anapata 56. Au anavunja saba kuwa tano na mbili: 40 na 16. Mkusanyiko mzima wa njia hizi ni mfupi:

- Mara 3: mara 2 kisha ongeza kundi moja.
- Mara 4: mara 2, kisha mara 2 tena. Mara 8 ni kuongeza hatua moja ya mara 2.
- Mara 6: mara 5 kisha ongeza kundi moja. 6 × 8 ni 40 na 8.
- Mara 7: mara 5 na mara 2 zikiunganishwa.
- Mara 9: mara 10 kisha toa kundi moja. 9 × 7 ni 70 toa 7.

Ukilinganisha na wimbo, faida kubwa ni hii: mtoto akisahau ana pa kuanzia. Aliyekariri tu akipoteza 7 × 8 amepoteza kila kitu, na atabahatisha. Aliyejenga atachelewa sekunde sita, lakini atafika. Zaidi ya hapo, kuvunja saba kuwa tano na mbili ndiyo hesabu ileile atakayoitumia kwa 14 × 23 na baadaye kwa mabano ya aljebra.

Njia hii huvunjika sehemu mbili. Ya kwanza ni kutoa au kuongeza kundi lisilo lake: 9 × 7 inageuka 70 toa 9, yaani 61, 6 × 8 inageuka 40 na 6, yaani 46. Mtoto hajui kati ya namba mbili ipi inahesabu makundi na ipi ni ukubwa wa kundi. Usimrudishie kanuni kwa maneno. Mpangie mbegu au vizibo katika mistari 10 yenye 7 kila mmoja, kisha funika mstari mmoja kwa mkono na umuulize umefunika ngapi. Atasema saba mwenyewe. Fanya hivyo kwa 9 × 4, 9 × 6 na 9 × 8 kabla ya kurudi kwenye daftari.

Ya pili ni udhaifu wa kujumlisha. Anayeshindwa 28 na 28 hawezi kufika 56 kwa njia ya mara mbili, na mwalimu anadhani tatizo ni kuzidisha. Kabla ya kuanza mara 4 na mara 8, hakikisha mtoto anaweza kusema mara mbili ya namba yoyote hadi 20 bila vidole, na mara mbili ya 24, 28, 32 na 36 kwa kufikiri kidogo. Kama hawezi, tumieni wiki moja au mbili huko kwanza. Si muda uliopotea.

Kikomo cha njia hii ni mwendo. Kujenga ni hatua ya kupitia. Mtoto wa miaka kumi na moja ambaye bado anajenga kila jibu atachoka kwenye 487 × 36 kama yule wa vidole. Walimu wengine husimama hapa wakiamini kwamba uelewa ukishakuja kasi itakuja yenyewe. Kwa baadhi ya watoto huja, hasa wanaopenda hesabu na kuzifanya kila siku. Kwa wengi haiji bila mazoezi ya kukumbuka.

Kuna pia njia ya vidole kwa namba kati ya 6 na 9, ambayo huwafaa waliobanwa. Kwa 7 × 8, inua vidole 2 mkono mmoja (saba inazidi tano kwa 2) na 3 mkono wa pili (nane inazidi tano kwa 3). Vilivyoinuliwa ni 5, ndiyo makumi: 50. Vilivyokunjwa ni 3 na 2, vizidishe, 6. Jibu 56. Inafanya kazi daima, ila kwa 6 × 7 watoto huteleza: vilivyoinuliwa ni 3, yaani 30, vilivyokunjwa ni 4 na 3, yaani 12, na 12 hiyo inatakiwa ijumlishwe, si kuandikwa pembeni ya 3 ikawa 312. Itumie kama mkongojo wa mtihani, usiifundishe kwanza.

Kadi za maswali kwa vipindi

Kadi hufanya kile ambacho nyimbo na kujenga havifanyi vizuri: kumlazimisha mtoto alivute jibu lenyewe kutoka kichwani, bila mpangilio, tena na tena, kwa nafasi inayoongezeka. Kumbukumbu huimarishwa na kitendo cha kulitafuta jibu na kulipata, kuliko kulisoma mara nyingi. Mtoto anayetazama "7 × 8 = 56" mara ishirini anajifunza kidogo kuliko aliyeulizwa mara tano akajibu.

Utengenezaji: kata karatasi ngumu vipande 21, kimoja kwa kila jozi ya namba 3, 4, 6, 7, 8 na 9, pamoja na zile zinazojizidisha zenyewe. Mbele andika swali bila jibu, nyuma andika jibu. Ukiweza, tengeneza kadi za pembetatu pia: pembe moja 7, nyingine 8, ya juu 56. Ukifunika ya juu unauliza kuzidisha. Ukifunika mojawapo ya zile mbili za chini unauliza kugawanya. Kadi moja inakupa maswali matatu, na kugawanya hakubaki nyuma.

Kipindi kimoja kiwe cha dakika tano, siku tano kwa wiki. Chukua kadi kumi: saba ambazo mtoto anazijua tayari na tatu mpya. Changanya. Akijibu ndani ya sekunde tatu bila vidole, kadi inaingia fungu la "najua". Akipitisha sekunde hizo lakini akapata kwa kujenga, mpongeze kwa kupata, kisha kadi irudi kwenye fungu ipite tena baada ya kadi mbili au tatu. Akikosa, mwambie sentensi nzima, "saba mara nane ni hamsini na sita", aiseme yeye, na kadi irudi vilevile. Usimwache ahangaike dakika nzima. Anachojifunza hapo ni kuchukia kadi.

Kadi zilizojibiwa vizuri siku tatu mfululizo huhamia kisanduku cha pili, kinachofunguliwa kila siku ya tatu. Zikiendelea vizuri huhamia cha tatu, kinachofunguliwa mara moja kwa wiki. Kadi ikikosewa popote inarudi kisanduku cha kwanza. Mtoto anayeshika kadi tatu kila wiki atamaliza zote 21 kwa wiki saba.

Yanayoharibu kadi ni machache lakini yanajirudia. Kuingiza kadi mpya kumi kwa siku: zote zinachanganyika na hakuna inayokaa. Kuweka zinazofanana siku moja, kwa mfano 6 × 9 (54) na 7 × 8 (56), au 6 × 7, 6 × 8 na 7 × 7 kwa pamoja: majibu yaliyo jirani hupigania nafasi moja kichwani, hivyo yatenganishwe kwa wiki moja. Kutochanganya kadi: mtoto anakariri mpangilio wa fungu. Na kuacha mara tu zote zinapojulikana, wakati kisanduku cha wiki ndicho kinachofanya yadumu.

Udhaifu wa kweli wa kadi ni kwamba mtu lazima akae na mtoto, au watoto wawili waulizane. Kwa darasa kubwa wagawe wawiliwawili: mmoja anauliza dakika mbili na nusu, kisha wanabadilishana. Programu za simu au kompyuta hufanya kazi hiyohiyo, mradi ikuruhusu kuchagua majibu ya kufanyia mazoezi. Ile inayorusha maswali yote ya jedwali kuanzia siku ya kwanza humchosha mtoto kabla hajashika hata moja.

Mtihani wa muda

Mfano unaojulikana zaidi ni wa England. Tangu 2022 kila shule inayoendeshwa kwa fedha za umma inatakiwa kuwapima watoto wa miaka 8 hadi 9 kwa kompyuta: maswali 25, sekunde 6 kwa kila swali, na pumziko la sekunde 3 kati ya swali na swali. Hakuna alama ya kufaulu. Sekunde sita zina mantiki yake: zinamtosha anayekumbuka na kuandika jibu, hazimtoshi anayehesabu kutoka mwanzo.

Kama kipimo, muda unaonyesha kitu ambacho karatasi ya kawaida haionyeshi, yaani tofauti kati ya anayejua na anayehesabu haraka. Kama njia ya kufundishia, hauna kitu. Mtoto asiyejua 6 × 8 haijui zaidi kwa sababu saa inakimbia. Hofu inachukua nafasi ileile ya akili inayohitajika kushikilia hesabu, na hata alichokijua jana kinaponyoka. Mbaya zaidi ni mashindano ya mbele ya darasa na alama zinazosomwa kwa sauti: anayeshinda ni yuleyule kila wiki, na wa mwisho naye ni yuleyule.

Ukitaka kuutumia, upime kile tu kilichokwisha fundishwa na kupita kwenye kadi. Maswali ishirini, dakika mbili, mara moja kwa wiki mbili, na kila mtoto ajilinganishe na karatasi yake iliyopita. Waambie watoto waruke swali wasilolijua na kuliwekea alama. Alama hizo ndizo mwalimu anazozihitaji zaidi ya jumla.

Kikokotoo na jedwali la ukutani

Hoja ya kuacha kukariri kabisa haisimami. Kikokotoo kinatoa jibu, lakini hakimwonyeshi mtoto kwamba 42 na 56 zina 14 ndani yake, na mtoto anayebonyeza 3136 ÷ 70 badala ya 7 hana namna ya kushtuka. Hata hivyo, somo la siku likiwa eneo la pembetatu, au uwiano, asiyejua jedwali bado ana haki ya kujifunza eneo na uwiano. Mpe jedwali mezani. Watoto wenye ugumu wa kudumu wa namba wanalihitaji kwa muda mrefu, na kuwanyima hakuwafundishi lolote.

Kasoro ya jedwali la ukutani ni kuwa la milele. Mtoto anaacha kujaribu kukumbuka kwa sababu jibu liko pale. Dawa yake ni kumpa kila mtoto jedwali lake dogo na kuzifuta kwa kalamu nyeusi zile alizokwisha kuzishika. Mwezi wa kwanza visanduku 64 vinafutika kwa kuondoa za 1, 10, 2 na 5, vinabaki 36. Kila wiki linapungua, hadi vibaki vile vichache vya 6, 7 na 8.

| Njia | Inachofanya vizuri | Akisahau jibu | Kugawanya | Inachohitaji |
|---|---|---|---|---|
| Kuimba | Jedwali la 2, 5, 10. Darasa kubwa | Anaanza wimbo upya | Hausaidii | Sauti tu |
| Kujenga | Uelewa. Mtaji wa aljebra | Anajenga tena, polepole | Unasaidia kiasi | Kujumlisha imara |
| Kadi | Kukumbuka papo hapo | Kadi inarudi kisanduku cha kwanza | Vizuri, kwa kadi za pembetatu | Mtu wa pili, dakika 5 |
| Mtihani wa muda | Kupima tu | Anabahatisha | Ukiulizwa humo | Saa, na busara |
| Kikokotoo, jedwali | Masomo mengine yasikwame | Jibu liko mbele yake | Jibu bila kuona vigawo | Kifaa au karatasi |

Sikiliza kosa kabla hujachagua

Muulize mtoto maswali kumi bila mpangilio, moja likiwa la kugeuza (7 × 8 kisha baadaye 8 × 7) na mawili ya kugawanya. Usisahihishe. Andika alichosema.

Akijibu 7 × 8 kuwa 54, 48 au 63, amechukua jibu la jirani. Anajua kuzidisha, anahitaji kadi, na jibu hilo litenganishwe na linalofanana nalo. Akisema 55 au 57, bado anahesabu na ameteleza kidole kimoja. Mrudishe kwenye kujenga. Akisema 15, amejumlisha: alama ya kuzidisha haina maana kwake, na hakuna wimbo wala kadi itakayosaidia mpaka apange vikundi kwa mikono. Akisema 7 × 0 ni 7, muulize sahani saba zisizo na kitu zina vitu vingapi. Akijua 7 × 8 upesi lakini akachelewa kwenye 8 × 7, hajaona kwamba ni jambo moja. Chora nukta katika mistari 7 yenye 8, kisha geuza karatasi. Na akinong'ona "saba mara moja…", unajua alikokaririshwa.

Chaguo letu kwa hali mbalimbali

Kwa anayeanza, wa miaka saba au nane, mpangilio uwe 2, 10, 5, kisha 4 na 3, kisha 9, kisha zinazojizidisha zenyewe, na mwisho 6, 8 na 7. Ajenge kwanza; wimbo utumike kwa 2, 5 na 10; kadi ziingie kwa kila jedwali baada ya kujengwa, si mwisho wa mwaka.

Kwa mwalimu mwenye watoto themanini na chaki tu, wimbo hauepukiki, nasi hatumlaumu. Aongeze kuinua majibu na kuulizana wawiliwawili, na asiingie jedwali la 6 kabla robo tatu ya darasa haijajibu la 5 nje ya mpangilio.

Kwa mtoto wa miaka kumi na mbili anayekwama kwenye sehemu kwa sababu ya jedwali, usimrudishe kwenye nyimbo za wadogo. Itamuaibisha. Pima, toa zile anazozijua, na mara nyingi utabaki na kadi kati ya nane na kumi na tano. Anza nazo leo kwa kadi za pembetatu, na wakati huohuo mwache na jedwali mezani ili somo la sehemu lisisimame.

Kwa anayejua yote polepole, ni kadi na muda wake mwenyewe. Kwa anayejua yote haraka ila hawezi kuchora maana ya 3 × 4, simamisha kasi na umpe mbegu.

Baada ya likizo ndefu, zitakazokuwa zimeondoka kwanza ni 6 × 7, 6 × 8 na 7 × 8, na mara nyingi 4 × 7 na 6 × 9. Usirudie jedwali zima. Pitisha kadi zote 21 mara moja siku ya kwanza, zilizokosewa zirudi kisanduku cha kwanza, na muendelee na dakika zilezile tano.